Ukikosa unapigwa ngapi?

Tulikuwa tumekaa stoo ya shule, mimi na dogo mmoja wa darasa la tatu, katikati ya madawati mabovu na mipira iliyoisha upepo, na kabla sijafungua hata kile kijitabu cha picha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, ukikosa unapigwa ngapi?"

Nikamwambia hapa hakuna kupigwa, ni picha tu. Akaitikia "ndiyo" ile ya mtoto ambaye hajakuamini hata kidogo, maana kwa umri wake alishajua mtu mzima akikuita peke yako, akakukalisha mezani na kukuuliza swali, basi jibu analo tayari kichwani kwake na wewe ukilikosa kuna kitu kinafuata.

Hiyo ni Temeke, miaka kadhaa nyuma. Nilikuwa naokota vibarua vya kukusanya data kwenye miradi ya utafiti, unapewa tableti, fulana yenye nembo, posho ya siku na nauli ambayo haitoshi. Shule siitaji na mradi siutaji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mbele ya mtoto kuna picha kubwa yenye mchoro unaojirudia, mistari, vimiraba, vitu kama maua, na kona moja imekatwa kama mtu kachana kipande cha kitenge, chini yake kuna vipande sita na mtoto anatakiwa aonyeshe kwa kidole ni kipi kinaziba pale palipokatwa. Hakuna kusoma, hakuna Kiingereza, hakuna hesabu. Ni mtindo wa Mwingereza mmoja, John Raven, wa kwake ulitoka 1938, na watafiti wanaupenda mpaka leo kwa sababu eti haujali mtu kasoma wapi.

Sasa kwenye semina ya kutuandaa walitufundisha kila kitu isipokuwa kidole. Kidole cha mtoto kinatua kwenye kipande namba moja, macho yanapanda usoni kwako. Uso wako haujasema kitu. Kidole kinahama, namba mbili, macho yanapanda tena. Namba tatu. Wewe hapo umepigwa nyusi tu na nzi, umezinyanyua kidogo, kidole kinaganda palepale, "hii". Yaani mtoto kaacha picha anasoma uso, na kwa kweli huo ndio mtihani anaoujua, miaka mitatu shuleni kaufanya kila siku. Tuliambiwa tuwe na uso wa kawaida, usiotoa ishara. Mimi nilikuwa nautoa ule wa konda ambaye hana chenji.

Huyu dogo wa kupigwa ngapi alijibu nne za mwanzo vizuri, haraka tu, ya tano ikamkwaza akanitazama usoni hakupata kitu, na kuanzia hapo ikawa "sijui". Ya sita, sijui. Ya saba, sijui, na hiyo ya saba hakuitazama hata sekunde tatu. Nikawa nabonyeza tu pale kwenye tableti, hajajibu, hajajibu, hajajibu, mpaka ya kumi na mbili ambayo angalau aliikodolea macho muda mrefu kidogo, kidole kikanyanyuka, kikarudi mapajani, sijui. Asante sana, nenda darasani, niitie mwenzako.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikafanya kosa. Nilikuwa nakula mihogo pale mlangoni na kijitabu nimekiacha wazi juu ya meza, ambapo hairuhusiwi kabisa, na kugeuka nawakuta watoto watatu wamekiinamia wanabishana. "Ni hii bwana." "Acha ujinga, we huoni mistari inaenda huku?" Na anayesema acha ujinga ni yuleyule wangu wa sijui. Yuko kwenye ile ya saba, anamwelekeza mwenzake kwa kidole, safari hii kidole hakitangitangi, kinafuata mistari kutoka juu kwenda chini halafu kinatua panapotakiwa.

Najua, najua. Alikuwa ameshaiona jana yake, pengine alilala nayo kichwani, pengine mwenzake alimtonya. Mtu mmoja sio utafiti. Lakini kwenye data ya ule mradi yule mtoto ana nne, na hiyo nne imeingia kwenye wastani wa shule, wastani wa shule umeingia kwenye ripoti, na ripoti kuna mtu kaisoma mahali fulani akatikisa kichwa kuhusu watoto wa Temeke.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa wa kusoma kila ninachokutana nacho kuhusu vipimo vya akili. Chuo nilisoma maendeleo ya jamii, saikolojia tuligusagusa tu, kwa hiyo mengine nimejisomea mwenyewe usiku na bando la buku.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba namba ya IQ, yaani ile alama unayopata kwenye kipimo cha akili, haipimwi kama homa. Ukiweka kipimajoto kwapani, uwe umenuna au unacheka, kinasoma joto lako. Kipimo cha akili kinakuomba wewe ujitoe. Wastani umewekwa 100, na theluthi mbili hivi ya watu wanaangukia kati ya 85 na 115, na mahesabu yote hayo yanasimama juu ya dhana moja ambayo haiandikwi popote kwenye cheti, kwamba kila mtu pale alitumia nguvu zake zote. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotengeneza kile cha kwanza kule Paris mwaka 1905 walikuwa wanatafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, basi. Na vilikuwa vinafanywa hivihivi, mtu mzima na mtoto wamekaa uso kwa uso. Sasa kama ndani ya kile chumba mtoto anawaza fimbo, umepima nini?

Mwaka 2011 Mmarekani anaitwa Angela Duckworth na wenzake wakatoa kazi ambayo nilivyoikuta niliruka kitandani. Walikusanya tafiti ambazo watu walifanyishwa kipimo cha akili, wengine wakaahidiwa zawadi au hela na wengine hawakuahidiwa kitu, makundi 46, watu 2,008 jumla. Walioahidiwa kitu walipata zaidi, kwa wastani karibu pointi 10 za IQ. Pointi 10! Na walioongezeka sana ni wale ambao mwanzo walikuwa na alama za chini. Halafu sehemu ya pili wakachukua video za vijana wa kiume 251 wa Pittsburgh waliorekodiwa wakifanya kipimo wakiwa wadogo, wakaweka watu waangalie dakika 15 tu na kutoa maksi za kujituma, nani anakataa swali, nani anafanya harakaharaka amalize aondoke, nani anajibu bila kuangalia. Maksi hizo za kujituma zikawa zinaendana na IQ yao, na pia na mambo yaliyowatokea ukubwani, miaka waliyosoma shule, ajira, uhalifu. Kwa hiyo sehemu ya kile tulichokuwa tunadhani ni akili kutabiri maisha, ilikuwa ni kule kukubali kukaa na kujibu swali la kijinga uliloulizwa na mgeni.

Na hapo nilipenda sana hoja moja inayotoka humo. Mtu akipata juu, unajua alikuwa na uwezo na alijituma, vyote viwili, maana huwezi kupata 130 kwa bahati huku unachezea kidole. Ila mtu akipata chini hujui kitu. Inaweza ikawa uwezo, inaweza ikawa hakujisumbua, alikuwa na njaa, choo kimembana, hakukupenda sura.

Basi mimi hiyo pointi 10 nikaitangaza. Kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa shemeji yangu anayefundisha twisheni, kila mtu aliyesema mtoto fulani kilaza nilikuwa namjibu kwa Duckworth. Kwa muda wa kama mwaka nilikuwa kero.

Halafu nikaaibika, kwa sababu nilikuja kusoma waliomkosoa. Kati ya zile tafiti zilizokusanywa ilikuwemo ya mtu anaitwa Stephen Breuning, na huyu bwana mwaka 1988 alikiri mahakamani kule Marekani kwamba alighushi matokeo ya utafiti wake mwingine, wa dawa, na bahati mbaya namba zake ndio zilikuwa kati ya zile kubwakubwa zinazovuta wastani juu. Kisha 2022 Timothy Bates na Gilles Gignac wakarudia kitu hichohicho kwa utaratibu mkali zaidi, majaribio matatu ya hela kwa watu wazima 1,201, wengine wanaahidiwa malipo ya ziada wakifanya vizuri, wengine hapana. Ongezeko? Kama pointi 2.5. Robo ya ile habari niliyoitangaza mji mzima. Na kuongeza hela hakukuongeza alama.

Nilikaa kimya wiki nzima kwenye grupu.

Ila baadaye nikaanza kuona hawa watu hawapingani sana kama nilivyodhani, maana wale wa 2022 ni watu wazima waliojitolea wenyewe kushiriki, watu ambao wakiona fomu wanajua kujaza fomu, wameshakubali mchezo kabla mchezo haujaanza, kwa hiyo ukiwaongezea hela unaongeza maji kwenye ndoo iliyojaa. Yule wa kwangu wa stoo ndoo yake ilikuwa tupu na ilikuwa imefunikwa. Hakuna aliyempima mtoto wa aina ile kwenye majaribio yale, na mimi mwenyewe sikumpima, nilibonyeza tableti tu. Kwa hiyo msimamo wangu sasa hivi, na unaruhusiwa kuupinga, ni kwamba hamasa inashusha zaidi kuliko inavyopandisha. Mtu asiyetaka anaweza kuanguka mpaka chini kabisa, ila mtu anayetaka tayari, hata umwekee laki mezani, anagonga dari lake palepale.

Hiyo ni hamasa. Kujiamini ni stori nyingine, na hapa lazima niseme ya kwangu.

Mimi ni wa kidato cha nne 2012. Wenye umri wangu wakisikia hivyo wanacheka kwanza halafu wananyamaza. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 wakapata ziro, nchi nzima ikashika kichwa, ikaundwa tume, na mwezi wa tano yale matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Mimi Februari nilikuwa na ziro ya 34. Nilienda kuangalia kwenye intaneti kafe moja pale Mbagala, nimejipanga foleni na watoto wenzangu, yule kaka wa kafe anasoma kwa sauti maana skrini iko upande wake, "thelathini na nne hiyo, ziro, anayefuata". Baba hakusema kitu, alisema tu "sawa", akatoka nje akakaa kibarazani mpaka saa tano usiku. Mwezi wa tano, karatasi zilezile nilizojibu mimi, mwandiko uleule, zikawa divisheni four ya 32, na four ya 32 ukiibembeleza inakufikisha kwenye cheti, na cheti kikanifikisha diploma.

Kati ya Februari na Mei kichwa changu hakikubadilika. Ila ile miezi mitatu nilikuwa mjinga, mjinga kabisa wa kweli. Dukani mama akinituma nirudishe chenji ya elfu kumi nilikuwa naihesabu mara tatu, na bado namkabidhi huku namwangalia usoni.

Sasa nyumbani kuna kaka yangu, kanipita miaka miwili, huyu tangu mdogo ni "kichwa". Baba akimtambulisha kwa wageni anasema huyu kichwa, akinitambulisha mimi anasema na huyu naye anajitahidi. Anajitahidi! Mwenye ripoti za shule anajua hilo neno, ndilo mwalimu anakuandikia ukiwa huna jema wala baya. Kaka alifeli kidato cha sita na bado akabaki kichwa, eti maswali yalikuwa na mtego. Juzijuzi kafanya kipimo cha IQ kwenye simu, kimempa 138 halafu kikamwambia alipie ili apate cheti, akataka nimkopeshe.

Kuna mwanasaikolojia wa London, Adrian Furnham, amelifanyia kazi hili miaka mingi na katika nchi nyingi, anawaambia tu watu wakadirie IQ yao wenyewe, na karibu kila alipopita wanaume wanajipa zaidi ya wanavyojipa wanawake, na wazazi wanawapa watoto wa kiume zaidi ya wa kike, wakati kwenye vipimo vyenyewe wastani wa jinsia hizi mbili unakaribia kulingana. Nilivyosoma hiyo nikamtumia baba. Akajibu kwa kidole gumba.

Na yale makadirio mtu anayojipa, je, yanalingana na kipimo? Kidogo. Freund na Kasten walikusanya tafiti za hivyo mwaka 2012 na uhusiano ukatoka kama 0.33, ambapo 0 maana yake hakuna uhusiano wowote na 1 maana yake mtu anajijua kama kioo. Yaani tunajijua kwa mbali, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake gizani. Hii ndio inanifanya nikiwasikia motivesheno spika wetu wanapiga kelele jiamini, jiamini, ukijiamini umemaliza nusu ya kazi, nawauliza kimoyomoyo, nimalize nusu ipi? Kaka yangu anajiamini kuliko mlingoti wa bendera. Sehemu kubwa ya kujiamini ni kumbukumbu, ni matokeo ya nyuma yaliyolundikana pamoja na maneno ya baba mbele ya wageni, kisha tunakuja kuigeuza chanzo. Anayefanya vizuri anajiamini kwa sababu alifanya vizuri. Ukitaka kumpandikizia mtu bila hicho cha nyuma unampa kelele tu.

Pale ambapo nadhani kujiamini kunaingia kweli kwenye alama ni mahali padogo, na padogo hapo napajua kwa sababu pamenimaliza. Nilienda kwenye usaili wa ofisi moja pale Posta, siitaji, wanaanza na jaribio la kompyuta, maswali 40 dakika 30, yote kwa Kiingereza, mafumbo ya namba na maumbo na yale ya kama wote A ni B. Tupo ukumbini kama 200 tunagombea nafasi nne. (Hiyo sio kitu kwa mji huu, mnaokumbuka 2014 pale Uwanja wa Taifa walijaa zaidi ya elfu kumi kwa nafasi 70 za Uhamiaji.) Kijana aliyekaa kushoto kwangu alikuwa anabonyeza kama anacheza gemu. Tap, tap, tap. Na mimi swali la tisa, namba zinazofuatana, nilishaliona jibu, niliona kabisa kwamba inaongezeka mara mbili kisha inatoa moja, nikabonyeza, nikaenda la kumi, halafu kichwani ikaja ile sauti ya kafe, thelathini na nne hiyo. Nikarudi la tisa. Nikabadilisha. Nikaenda la kumi na moja, nikarudi tena la tisa nikabadilisha nikaweka la kwanza. Hapo dakika nne zimeondoka. La tatu kutoka mwisho sikulifikia.

Hofu haikunipunguzia akili kwa maana ya kwamba ilifuta kitu. Ilipangisha chumba. Ile sehemu ya kichwa unayotumia kushikilia namba tatu kwa pamoja ili uone zinavyoendana, ni ndogo, haina vyumba vingi, na kimoja kilishakaliwa na kaka wa kafe na sauti yake. Gerardo Ramirez na Sian Beilock kule Chicago walichapisha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu wakipewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike tu kwenye karatasi kile kinachowatisha, wanafanya vizuri zaidi ya wasioandika. Nilijaribu. Usaili uliofuata, ofisi nyingine, niliandika kwenye simu ndani ya daladala, tumekwama Mtongani, nimesimama, mkono mmoja bombani, naandika "naogopa kuonekana mjinga mbele ya watoto wa Masaki" na dada wa pembeni anasoma. Nilifaulu lile jaribio. Lakini nisiwadanganye, kati ya usaili wa kwanza na wa pili nilikuwa nimefanya mazoezi ya yale maswali wiki tatu, kwa hiyo mimi sijui ni simu au ni mazoezi, na kama mngeniwekea bastola ningesema mazoezi.

Hapo kwenye mazoezi ndipo kwenye kitu ambacho nashangaa hakisemwi zaidi hapa kwetu, kwa sababu kilifanyika hapahapa. Bagamoyo, kilomita kama 70 tu kutoka hapa Dar. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, walitoa matokeo mwaka 2002 ya kuwapima watoto wa shule za huko, kupanga vitu katika makundi, mafumbo ya mantiki, na ule mchezo wa kukisia kitu kwa kuuliza maswali 20. Walipima kama kawaida. Halafu badala ya kufunga mafaili na kuandika ripoti kama sisi, wakakaa na watoto kwa muda mfupi sana, wakawaonyesha namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, kisha wakapima tena. Watoto wakapanda. Muda mfupi tu wa kuonyeshwa!

Lakini kilichonigusa sio kupanda. Ni kwamba mpangilio ulivurugika. Kwa watoto ambao hawakuelekezwa, aliyekuwa juu mara ya kwanza alibaki juu na wa chini akabaki chini. Kwa walioelekezwa, ya kwanza haikutabiri vizuri ya pili, aliyekuwa nyuma huenda sasa yuko mbele. Maana yake lile jaribio la kwanza, lile ambalo kwa kawaida ndilo pekee linalofanyika na kuandikiwa ripoti, kwa kiasi kikubwa lilikuwa linapima nani ameshawahi kuuona mchezo na nani hajauona. Na mtoto asiyeujua mchezo ndiye huyohuyo anayeacha kujituma, kwa nini ajitume kwenye kitu ambacho hajui mlango uko wapi, na akishaacha kujituma ndio huyohuyo utakayeambiwa hajiamini. Tunavitenganisha vitu vitatu kumbe kwa yule mtoto ni kitu kimoja kimekaa kwenye kiti kimoja.

Kuna ile nyingine maarufu ya Liberia, kwa Wakpelle, nayo inachekesha. Watafiti waliwapa watu wazima vitu wavipange, wakapanga kisu na kiazi pamoja kwa sababu kisu ndicho kinachokata kiazi. Watafiti wanataka vyakula huku, vyombo kule. Wapi. Mwisho mtafiti akauliza, haya, mpumbavu angevipangaje? Wakapanga palepale, vyakula huku, vyombo kule. Mama yangu nilipomsimulia alisema, "Si wangeuliza tangu mwanzo."

Nilimaliza ule mkataba wa Temeke kwa siku nane. Ya mwisho tulikuwa tunafunga maboksi, gari ya mradi imewashwa, dereva anapiga honi, watoto wameanza kutoka na vidumu vyao na mifagio, na yule dogo akaja akasimama karibu na mlango wa gari. Nilidhani anataka fulana, maana kila mtoto alikuwa anataka fulana.

"Dada, ile ya mwisho. Ya kumi na mbili."

"Imefanyaje?"

"Ni namba ngapi?"

Haturuhusiwi kusema majibu, shule nyingine zilikuwa bado. Nikamwambia siwezi kukuambia. Akakubali kwa kichwa, akaweka kidumu chini, akachora kwa kidole kwenye vumbi la ubavuni mwa gari, mistari mitatu inashuka, miwili inakatiza, kona moja akaiacha wazi, akaiangalia.

"Mi naona nne," akasema.

Nilitoa uso wa konda kadiri nilivyoweza. Ilikuwa nne. Dereva akapiga honi tena, dogo akabeba kidumu chake akaondoka, na hakugeuka kuniangalia usoni.